Kongo dhidi ya majirani watatu: kwa nini La Haye haikuisikiliza Bukavu

Kila zinapotajwa dola milioni 325 ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, iliiamuru Uganda kuilipa Kongo, mtu wa Bukavu huuliza swali moja: na sisi je? Kasika iko kwetu. Makobola iko kwetu. Mwenga na Katogota ziko kwetu pia, Kivu ya Kusini, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoteketezwa na jeshi la Uganda. Vita ilikuwa ile ile, iliyoanza tarehe 2 Agosti 1998. Mashtaka dhidi ya Uganda, Rwanda na Burundi yalipelekwa kwenye mahakama ile ile, siku ile ile. Lakini Ituri na Kisangani, walikokuwa askari wa Uganda, zina hukumu mkononi, na Bukavu haina kitu.

Majibu mawili huzunguka. La kwanza linasema majaji walinunuliwa. La pili, ambalo watetezi wa Kigali hulipenda, linasema mahakama ilisikiliza ikaona Rwanda haina kosa. Yote mawili ni uongo, na hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu husemwa kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Kesi ya Rwanda haikushindwa kwa ushahidi, kwa maana ushahidi wenyewe haukufunguliwa. Ilikwama mlangoni, na sehemu ya lawama inakaa Kinshasa.

Mji wenyewe

Bukavu ilianguka siku za kwanza za Agosti 1998. Haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 1996 ilikuwa imeanguka tayari, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu wake wakati wakubwa wa serikali na wa jeshi wakitafuta njia ya kutoka, aliuawa Nyawera tarehe 29 ya mwezi huo. Safari hii waliouchukua mji walikuwa waasi waliojiita RCD, na nyuma yao lilikuwapo jeshi la Rwanda. Kigali ilikana kwa miezi kadhaa. Novemba 1998 ikakiri kwamba askari wake wako Kongo, ikisema wanailinda Rwanda dhidi ya mabaki ya jeshi la zamani na Interahamwe, wale waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994.

Tarehe 24 Agosti 1998, wiki tatu tu baada ya vita kuanza, watu waliuawa Kasika na vijiji vya jirani katika teritwari ya Mwenga. Mwami (mtawala wa jadi) François Mubeza aliuawa pamoja na mke wake aliyekuwa mjamzito. Padri na watawa waliuawa parokiani. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010 na kuorodhesha matukio 617 ya miaka 1993 hadi 2003, inasema waliokufa kwenye vijiji hivyo walizidi 1,000. Mwisho wa mwaka huo ikawa zamu ya Makobola, karibu na Uvira. Novemba 1999 wanawake walizikwa wakiwa hai Mwenga. Mei 2000 Katogota, katika bonde la Ruzizi.

Upinzani ulikuwa wa aina mbili. Milimani walikuwako Mai-Mai, wanamgambo wa wenyeji, wale wa Bunyakiri wakiwa chini ya kamanda aliyeitwa Padiri. Hao historia yao ina mambo ya kujivunia na mengine ya kuinamisha kichwa, na si kazi ya andiko hili kuyapima. Mjini watu walipinga bila bunduki. Noeli ya 1999 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliandika barua kwa waumini akisema wazi kwamba mataifa ya kigeni, kwa kushirikiana na baadhi ya ndugu zetu wenyewe, yanapora utajiri wa nchi. Februari 2000 RCD wakamzuia kurudi Bukavu na kumpeleka uhamishoni Butembo, kwao alikozaliwa. Wakadhani mji utanyamaza. Bukavu ikajibu kwa ville morte: maduka yakafungwa, masoko yakafungwa, shule zikafungwa. Kataliko alirudi Septemba 2000, akapokewa kama mfalme, na baada ya wiki chache, tarehe 4 Oktoba, akafia Roma.

Nayataja haya kwa sababu inayohusu kesi moja kwa moja. Watu waliofunga maduka ndio wale wale waliokuwa wakiandika majina ya waliokufa. Parokia, mashirika ya haki za binadamu, walimu wa vijijini, wote walikuwa wakijaza madaftari wakati ambapo kukutwa na daftari la namna hiyo kulikuwa kifo. Kwa hiyo mtu asiseme Bukavu haikuwa na ushahidi.

Siku moja, mashtaka matatu

Tarehe 23 Juni 1999 serikali ya Kongo iliwashtaki Uganda, Rwanda na Burundi kwa pamoja mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, kwa uvamizi wa silaha. Hapa inabidi kueleza jambo ambalo redio zetu hazikulieleza vizuri. Mahakama hii haina nguvu juu ya taifa lolote mpaka taifa lenyewe likubali. Kukubali huko kuna sura mbili kubwa. Taifa linaweza kuandika tamko la jumla kwamba linakubali kushtakiwa na taifa lingine lenye tamko kama hilo. Au linaweza kuwa limesaini mkataba fulani wenye kifungu kinachosema: tukibishana juu ya mkataba huu, tutaenda La Haye.

Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilikuwa na tamko la jumla la tarehe 8 Februari 1989. Uganda ilikuwa na lake la tarehe 3 Oktoba 1963, kabla hata haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Nani huko Kampala mwaka 1963 alifikiri karatasi hiyo ingeifunga nchi miaka sitini baadaye? Lakini iliifunga. Rwanda haikuwa na tamko. Burundi haikuwa na tamko.

Tofauti ya Bukavu na Bunia, mji mkuu wa Ituri, inaanzia hapo, kwenye karatasi iliyosainiwa Kampala wakati wengi wa waliokufa katika vita hii walikuwa hawajazaliwa.

Dhidi ya Rwanda na Burundi, wanasheria wa Kinshasa waliegemea mkataba dhidi ya mateso, ambao Rwanda haikuwa imejiunga nao, na mkataba wa Montreal kuhusu usalama wa ndege. Kwa kesi ya majeshi yaliyoshika majimbo mazima, ilikuwa misingi myembamba sana. Nchi hizo mbili zikapinga, na Kinshasa ikaona haina pa kupitia. Kwa barua za tarehe 15 Januari 2001 ikaondoa kesi zote mbili, ikijiwekea haki ya kurudi na misingi mipya. Kesho yake, tarehe 16, Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi. Kwa hiyo karibu hakuna aliyeizungumzia barua hiyo.

Burundi haikushtakiwa tena La Haye.

Mwaka 2002: kugonga kila mlango

Tarehe 28 Mei 2002 Kongo ilirudi dhidi ya Rwanda peke yake. Mara hii wanasheria walikusanya mikataba mingi: wa kuzuia mauaji ya kimbari, wa kupinga ubaguzi wa rangi, wa haki za wanawake, katiba ya Shirika la Afya Duniani, katiba ya UNESCO, mkataba wa Montreal, wa mateso, na mingine. Ukisoma orodha hiyo unaona haraka ya mtu anayejaribu kila ufunguo alio nao. Hukumu ilitoka tarehe 3 Februari 2006: kwa kura 15 dhidi ya 2, mahakama haina mamlaka ya kusikiliza.

Mkataba wa mauaji ya kimbari ndio uliokuwa na uzito, na ndio wenye kisa cha kusikitisha kuliko vyote. Kifungu chake cha 9 kinasema mabishano kati ya mataifa yatapelekwa La Haye. Rwanda ilijiunga mwaka 1975 kwa sharti moja: kifungu cha 9 hakitaihusu. Kisha ikaja 1994. Februari 1995 serikali mpya ya Kigali, iliyokuwa ikiuomba ulimwengu haki kwa ajili ya watu wake waliochinjwa, ilipitisha dekreti iliyofuta masharti yote ambayo Rwanda ilikuwa imeweka kwenye mikataba ya haki za binadamu. Dekreti hiyo ipo. Kongo iliishika na kuiweka mbele ya majaji: tazameni, sharti lilikufa mwaka 1995.

Rwanda ikajibu kwamba dekreti hiyo haikuwahi kutekelezwa, na hata kama ingetekelezwa, ni sheria ya ndani. Kigali haikumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kumjulisha kwamba sharti limeondolewa. Mahakama ikakubaliana nayo. Sharti lililowekwa mbele ya mataifa huondolewa mbele ya mataifa, si katika gazeti la serikali la nchi moja.

Kongo ikaleta la pili. Machi 2005, mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, waziri wa sheria wa Rwanda alikuwa amesema kwamba masharti yaliyobaki yataondolewa karibuni. Mahakama ikasema waziri wa sheria anaweza kweli kuifunga nchi yake kwa kauli, lakini kauli hiyo haikutaja mkataba wowote wala tarehe yoyote. Ni ahadi isiyo na mwili. Ikawekwa kando.

Kisheria sina pingamizi kubwa na hoja hiyo. Kama mtu wa Kivu, inaniuma. Taifa lililojengwa juu ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari lilisimama mbele ya majaji na kujificha nyuma ya sharti la kutoshtakiwa kwa mauaji ya kimbari, sharti ambalo sheria yake yenyewe ilikuwa imetangaza kulifuta. Kongo ilijaribu kusema kwamba marufuku ya mauaji ya kimbari ni kanuni ya juu ambayo hakuna taifa linaloweza kuikwepa, kwa hiyo sharti kama hilo ni batili. Majaji walikubali kwamba kanuni hiyo ni ya juu kweli. Walichokataa ni kwamba uzito wa kanuni, peke yake, unawapa mamlaka ya kumhukumu asiyekubali. Watano kati ya waliopiga kura pamoja na wengi, akiwemo Rosalyn Higgins, waliandika maoni yao pembeni wakisema ni jambo la kutia wasiwasi kwamba karne ya 21 taifa bado linaweza kuchagua kama litasikilizwa au halitasikilizwa kwa tuhuma za mauaji ya kimbari. Waliokataa kabisa walikuwa jaji Koroma wa Sierra Leone na jaji Mavungu, aliyeteuliwa na Kongo.

Mikataba mingine ilianguka haraka. Kwenye ubaguzi wa rangi Rwanda ilikuwa na sharti pia. Mkataba wa mateso ilikuwa haijauingia. Lakini tazama mkataba wa haki za wanawake na ule wa Montreal, kwa sababu hapo Rwanda ilikuwa imesaini bila kujitoa. Wanawake wa Mwenga wangeweza kuingia kwa mlango huo. Ndege ya Congo Airlines iliyotunguliwa Kindu tarehe 10 Oktoba 1998, ikiwa na abiria raia, ingeweza kuingia kwa huo mwingine. Mikataba hiyo miwili inataka jambo kabla ya kufika La Haye: kwanza ujaribu kuzungumza na mwenzako kuhusu kosa hilo hasa, kisha umpendekezee usuluhishi. Kongo haikuweza kuonyesha kwamba ilifanya hivyo. Ilikuwa imeilalamikia Rwanda mbele ya Baraza la Usalama na kwenye mikutano mingi, lakini barua inayosema "tunawashtaki kwa kuvunja mkataba huu, kifungu hiki, na tunapendekeza usuluhishi" haikuwako.

Barua moja tu kwa kila mkataba. Ungengoja miezi sita, kisha ukaingia. Hapo siwezi kuilaumu Rwanda. Majaji je? Hapana.

Katika hukumu hiyo hiyo mahakama iliandika kitu ambacho wanaosema "Rwanda ilisafishwa" hawakisomi kamwe: kukubali kushtakiwa ni jambo moja, na kutenda kulingana na sheria ni jambo lingine. Taifa linabaki na wajibu wake na linawajibika kwa matendo yake, liwe limeikubali mahakama au halikuikubali. Juu ya kiini cha kesi, yaani nani aliua nani Kasika, majaji hawakusema neno.

Desemba 2008, karibu miaka mitatu baada ya hukumu, Rwanda ilimwandikia Katibu Mkuu na kuliondoa lile sharti la kifungu cha 9. Sasa kuna wanaosema Kongo irudi leo leo. Mimi ningesita. Mauaji ya kimbari yanahitaji kuthibitisha nia ya kuangamiza kundi la watu, na La Haye ni wagumu hapo: mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia na Serbia, katika ukatili wote wa vita ile walikubali jina hilo kwa Srebrenica peke yake. Isitoshe, kungekuwa na ubishi mkali juu ya matendo yaliyofanyika wakati sharti lilipokuwa bado hai.

Kesi iliyopita

Dhidi ya Uganda mlango ulikuwa wazi, na tarehe 19 Desemba 2005 hukumu ikatoka. Uganda ilijitetea kwa mambo mawili ambayo Bukavu tunayajua kwa moyo, kwa kuwa ni yale yale tunayoyasikia kutoka Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi: tuliingia kwa ruhusa ya Kinshasa, na tulikuwa tunajilinda na waasi walioko upande wenu. Mahakama ilisema ruhusa ilikuwa imeondolewa kufikia tarehe 8 Agosti 1998. Juu ya kujilinda, ikasema mashambulizi ya waasi hayakuwa ya serikali ya Kongo, na kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kulingana na kitisho kinachodaiwa.

Ushahidi uliofanya kazi kubwa ulitoka kwa nani? Kwa Waganda wenyewe. Serikali ya Kampala ilikuwa imeunda tume ya uchunguzi chini ya jaji David Porter kuhusu uporaji Kongo, na La Haye iliyapa maandishi ya tume hiyo uzito mkubwa, kwa sababu watu walikuwa wamehojiwa kwa kiapo na waliokuwapo. Kuhusu Ituri kulikuwa na tendo la jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda, aliyeunda mkoa wa Kibali-Ituri Juni 1999 na kumteua gavana. Kwa tendo hilo mahakama ikasema: Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri. Mkaliaji huwajibika hata kwa maovu ya makundi mengine aliyoshindwa kuyazuia.

Nje ya Ituri mahakama ilikataa kuita ukaliaji. Nalo kundi la waasi la MLC la Jean-Pierre Bemba halikuthibitika kuwa chini ya udhibiti wa Uganda. Lakini kulipa kundi hilo mafunzo na msaada kulikuwa kuingilia mambo ya ndani ya Kongo, na hilo peke yake ni kosa. Mtu yeyote anayefuatilia mabishano ya leo juu ya Rwanda na waasi wa M23 angeisoma sehemu hiyo mara mbili. Nadhani hata kama Rwanda ingefika ndani ya chumba cha mahakama mwaka 2006, kesi ya Bukavu ingekuwa ngumu kuliko ya Bunia: hapa magavana walikuwa Wakongomani wa RCD. Kigali haikutuachia kosa la Kazini.

Kongo nayo haikutoka safi. Kwa madai ya Uganda, ilikutwa na hatia ya kushambulia ubalozi wa Uganda Kinshasa na kuwatendea vibaya wanadiplomasia wake.

Mazungumzo ya fidia yalikwama miaka mingi, mpaka tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ikapewa milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kinshasa ilizungumzia raia 180,000 waliokufa. Mahakama ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000 ambao Uganda inawajibika kwao. Inakera, ndiyo. Lakini fomu nyingi zilizopelekwa hazikuwa na kitu cha kuziunga mkono: cheti cha kifo hakuna, karatasi ya hospitali hakuna, wakati mwingine hata mahali na tarehe havikueleweka. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu hukumu ya kwanza, na serikali haikuitumia kukusanya. Majaji walilazimika kukisia kwa kutumia ripoti za Umoja wa Mataifa, ikiwemo hiyo ya Mapping.

Malipo yaligawanywa kwa awamu tano za dola milioni 65, kuanzia Septemba 2022. Fedha za wahanga zinasimamiwa na mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao Kisangani. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasiyo ya Kinshasa, mahakama ya juu ya rufaa, ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka 3 ya kazi za kulazimishwa kwa dola zipatazo milioni 19 za mradi wa gereza Kisangani, pesa zilizotoka katika fidia hiyo hiyo. Kwa hiyo ndugu wa Bukavu wanaowaonea wivu watu wa Kisangani wapunguze kidogo.

Milango mingine

Kuna mahali Kivu ilisikilizwa, na ni watu wachache wanaojua. Mwaka 1999 Kongo ilipeleka malalamiko pia kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, Banjul, dhidi ya Burundi, Rwanda na Uganda kwa pamoja. Hapo hakukuwa na sharti la tamko. Mwaka 2003 tume ikaona nchi zote tatu zimevunja Mkataba wa Afrika, ikapendekeza fidia kwa wahanga. Kupendekeza tu, kwa maana tume haina nguvu ya kuamuru. Hata hivyo ni uamuzi wa chombo cha Afrika unaoitaja Rwanda kwa jina, na nashangaa kwa nini hauonekani kwenye mabango ya maandamano yetu.

CPI, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ina mamlaka kuanzia tarehe 1 Julai 2002. Kasika, Makobola, Mwenga na Katogota zote ziko kabla ya hapo. Waliohukumiwa kwa vita vya Kongo mashariki, wakuu wa wanamgambo Lubanga, Katanga na Ntaganda, walihukumiwa kwa mambo ya Ituri.

Imebaki Arusha. Mwaka 2023 Kongo iliishtaki Rwanda mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Nchi zote mbili zimeridhia itifaki ya mahakama hiyo. Rwanda iliondoa tamko lake kwa mahakama hiyo ya Arusha mwaka 2016, lakini tamko hilo lilihusu kesi za raia na mashirika. Taifa kwa taifa mlango ulibaki wazi. Majaji walisikiliza hoja za pande mbili tarehe 12 na 13 Februari 2025. Siku hizo hizo M23, waliokuwa wameshika Goma mwisho wa Januari, walikuwa wakiteremka kuelekea kwetu; tarehe 14 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na tarehe 16 Bukavu ikawa mikononi mwao. Tarehe 26 Juni 2025 mahakama ikatupilia mbali mapingamizi ya Rwanda na kusema itaisikiliza kesi. Kwa mara ya kwanza Kongo imepita mlangoni dhidi ya Rwanda mbele ya majaji wenye nguvu ya kuamuru.

Ila kesi hiyo inahusu vita ya M23 iliyoanza tena mwaka 2021. Waliokufa kati ya 1998 na 2003 hawamo. Na ndani ya chumba Rwanda itasema ilivyosema daima, kwamba M23 ni Wakongomani na Kigali inajilinda na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya katikati ya 2024, walikadiria askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 katika ardhi ya Kongo. Ripoti hiyo itasaidia, lakini kesi ya Uganda inaonyesha kinachoshawishi zaidi: amri iliyoandikwa, jina la afisa aliyeteua mtawala, maneno ya mtu wa upande wa pili aliyehojiwa kwa kiapo, cheti cha kifo chenye tarehe na mahali.

Kwa wahanga wa zamani kuna wazo la mahakama maalumu kwa ajili ya Kongo, ambalo daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, amelipigia kelele miaka mingi, hasa tangu Nobel ya 2018. Mahakama hiyo haipo bado. Ikija, itahitaji watu. Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku ile ya Kasika sasa anakaribia 70. Ndani ya Bukavu ya leo hakuna atakayezunguka na daftari akikusanya maelezo ya wazee, na sitamshauri mtu afanye hivyo. Lakini wengi wa Kasika na Makobola wako Kinshasa, Bujumbura, kambi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, na Nairobi, na huko wanasheria wapo, mthibitishaji yupo, na karatasi ya kiapo haihitaji ruhusa ya mtu yeyote wa Kivu.